Pembe ya Baruti

Kigwe walimwita Kesho-Vita.
Si mbele yake. Mbele yake walisema shikamoo
na kuuliza habari za mbuzi.
Jina lilikuwa la kisimani, la kilabuni,
na la sisi wanawe tukirudi shule
na vumbi la reli miguuni.

Baba alifukia uwele chumbani:
madebe saba, majivu, majani ya mwarobaini,
juu yake udongo, juu ya udongo ngozi,
juu ya ngozi mama, akilalamikia mgongo.
Mlenda mkavu guniani. Chumvi ya Bahi.
Viberiti katika kopo la maziwa, kifuniko kimezibwa kwa nta.
Na gobore.

Mhunzi wa Chipanga alilitengeneza
kwa bomba la usukani wa lori lililopinduka.
Halikuwa na kibali.
Jioni baba alilipaka mafuta ya nyonyo
polepole, kama mtu anayemkanda mgonjwa
asiyempenda sana.

"Unamngoja nani?" mama alimuuliza.
"Simjui. Ndiyo maana nangoja."

Mchana alikuwa kichaa wa kijiji.
Katekista Mazoya alimsema mahubirini bila kumtaja:
wapo walioweka imani yao kwenye chuma.
Kanisa likacheka.
Nilicheka kuliko wote, nisijulikane ni wake.
Lakini usiku, fisi wakiingia mazizini,
mlango uliogongwa ulikuwa wetu,
na sauti iliyosema "Baba Sechelela, tuokoe"
ilikuwa ile ile ya mimbarini.
Baba alitoka. Tulimsikia akifoka, akigonga debe.
Mlio wa gobore hatukuusikia kamwe.
Asubuhi wakasema: ile bunduki ni ya kutembea nayo.

Mwaka wa gari la matangazo
(salimisheni kwa hiari, hakuna atakayeulizwa)
nilimsindikiza hadi ofisi ya kata,
hatua kumi nyuma yake.
Nilidhani tutakuwa peke yetu.

Foleni ilifika choo cha shule.
Mwalimu Chilewa, na kitu kirefu ndani ya mkeka.
Mama muuza togwa, na la marehemu mumewe.
Mazoya, lake amelifunga
kwa kitambaa cha meza ya Bwana.
Kila mtu alitazama kucha zake.
Baba peke yake ndiye aliyesema, "Hamjambo?"

Askari alikuwa kijana wa mbali,
aliandika kwa herufi kubwa.
Matumizi ya silaha?
"Kungoja," akasema baba.
Kijana akaandika KUWINDA.

Kisha akaipindua pembe ya baruti mezani
na ukamwagika uwele,
punje ndogo za kijivu, zikabingirika
chini ya daftari, chini ya viatu vyake.

Nikakumbuka mwaka tuliokula mbegu.
Nilikuwa na miaka sita. Ni mimi
niliyewaonyesha wadogo zangu kibuyu kilipo.
Mvua iliponyesha, ilinyesha vizuri,
nasi tukaitazama tu.
Mtoto mwenye njaa hufungua kila kitu,
ila pembe ile alituapisha tusiiguse:
baruti hula mikono.

Baba alipiga magoti, akaokota
punje kwa punje, foleni nzima ikisubiri.
Mazoya akainama kumsaidia.
"Acha," baba akamwambia. "Nimezihesabu."

Sasa naishi Nkuhungu, nyumba ya kupanga.
Jirani yangu ana ukuta wenye nyaya za umeme,
mbwa wanne, bastola kiunoni hata harusini.
Watu humwita bosi na kumpa kiti cha mbele.
Mimi nina madebe mawili chini ya kitanda.
Mume wangu huuliza nangoja nini,
nami hugeukia upande wa mlango,
nikinusa mwarobaini.

Juzi watoto wa uani waliniita jina fulani.
Nilikuwa na ndoo kichwani.
Sikugeuka.